Unga wa Mtama Kwenye Njia ya Buluu

Dada yangu alimtuma binti yake aje kuniita nikiwa shimoni, ndani ya tangi, napiga lipu ya mwisho. Lipu ya mwisho haiachwi katikati. Ukiiacha inakauka vipande vipande, na maji yatapita hapohapo ulipoachia. Niliiacha. Kwetu ukoo unafuata tumbo la mama, na dada mkubwa akikuita, hata ungekuwa mkuu wa nini, unapanda ngazi unatoka.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi wa matangi ya kuvunia mvua. Shule niliachia darasa la pili. La tatu nililiona dirishani nikipita na mzigo wa kuni. Newala haina maji, anayeijua anaijua. Maji yako chini bondeni, watu tuko juu, na katikati kuna pampu inayougua kuliko wagonjwa wa hospitali. Kwa hiyo mimi nachimba, najenga, nafunga gata kwenye bati, na mwenye nyumba anakunywa mvua ya mwezi wa tatu mpaka mwezi wa nane. Matangi yangu hayavuji. Wapo wenye vyeti ambao yao yanavuja, na mimi ndiye ninayeitwa kuyaziba. Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, nasema kwa kujisifu, lakini ni kweli.

Nilimkuta dada amekaa mkekani, mguu wa kushoto umevimba umewekwa juu ya mto. Hospitali walikwisha kumwambia binti yake kwamba moyo wa mama yake umechoka. Vidonge vilikuwa kwenye sahani, anavimeza, hana ubishi navyo. Lakini siku ile mbele yake kulikuwa na ungo, na alikuwa anachekecha unga wa mtama, mweupe, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano ndani yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa. Mama anakuja."

Nilidhani anamsema mama wa jirani.

"Anasimama mlangoni," akasema. "Hasemi, hakai. Nampa kiti, hakai."

Mama yetu alifia Masasi, chini ya vilima vya mawe, tulikozaliwa. Dada wakati ule ameolewa huku juu Newala. Habari za ugonjwa zilimfikia, akasema atamalizia palizi kwanza. Alipofika, mama alikuwa ameshalala kaburini siku mbili. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe na hajaacha mpaka leo. Siku ya kumaliza matanga ndiye aliyefanya kazi ya binti mkubwa: alichukua chungu cha maji cha mama, akakitoboa kitako, akakiinamisha juu ya kaburi, mdomo chini, kimeegemea upande wa mashariki. Kwetu hicho ndicho kibao cha kaburi. Mtu wa kwetu akiona chungu kilichotobolewa porini, anavua kofia na kupita pembeni.

Sasa alitaka jambo moja. Niende nikammwagie mama unga. Utaratibu wake si mgumu. Unauachia unga taratibu kati ya vidole, unajijenga wenyewe kama kilima chenye ncha. Unawataja wazee, unasema shida yako, unaondoka bila kugeuka. Asubuhi unarudi kutazama. Ukikuta ncha imesimama, umepokelewa. Ukikuta imeanguka, hukupokelewa. Dada ni mtu wa kanisani kama mimi, na kwetu hakuna anayeona kwamba mambo mawili haya yanagombana.

"Ukisimama, nijue amenisamehe," alisema. "Ukianguka, nijue pia. Nisiende kwake bila kujua nitaitikiwa vipi."

Nikasema nitakwenda. Lakini kulikuwa na kitu ninachokijua mimi ambacho yeye alikuwa hakijui.

Pale kwetu, chini ya vilima, siku hizi ni hifadhi ya mji. Vilima vyote na mapori yake, pamoja na yale yaliyokuwa mashamba yetu, vimezungushiwa waya mpaka karibu na barabara kuu. Ukiwa ndani unasikia honi za bodaboda na unamwona nyani kwa wakati mmoja. Miaka mingi nyuma, kabla hawajaweka waya, walipita wapimaji, na gari lenye kipaza sauti likatangaza: mwenye kaburi ndani ya eneo aje aonyeshe, liandikwe, mifupa ihamishwe kwa heshima kwenye makaburi ya mji. Majirani walikwenda wakaonyesha. Mimi niliwacheka. Sisi tulifundishwa kwamba kaburi la mama halionyeshwi kwa mtu wa kalamu. Ukimwonyesha mgeni kwa kidole, umemkabidhi. Wenzangu walifundishwa vilevile, lakini wao walilipima neno lile wakaona dunia imekwisha kugeuka. Mimi ambaye kazi yangu ni kupima, sikulipima. Kijana mwenye kofia ya plastiki aje aniambie mama yangu ahame, mimi niliyejenga nusu ya matangi ya Newala kwa mikono hii?

Tena sikuishia kunyamaza. Niliteremka Masasi peke yangu, nikaenda mapema kabla ya wapimaji, nikakitoa chungu juu ya kaburi, nikakisukuma ndani ya ufa wa jiwe kubwa lililo karibu. Mawe matatu ya pembeni niliyaviringisha bondeni. Nikasawazisha udongo, nikatandaza majani makavu, nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu. Ilikuwa kazi safi. Kijana alipofika akauliza, mzee, hapa kuna mtu wenu? Nikasema hakuna. Akaandika. Niliondoka napiga mluzi.

Alama niliziweka kichwani. Kutoka kwenye ule ufa, hatua arobaini kuelekea jua linakochomoza, unaukuta msolo, kaburi liko kwenye shina upande wa chini. Msolo ni mti wa kuombea kwetu, na pale ulikuwa mmoja tu. Kichwa changu hakijawahi kunidanganya kwa vipimo. Dada sikumwambia. Nilisema nitamwambia siku moja, na siku zikawa zinajaa mvua za watu wengine.

Basi nilipanda gari la asubuhi, unga nimeufunga kwenye kitambaa ndani ya koti. Getini mlinzi aliugusa akauliza ni nini. Chakula cha kuwapa wanyama hakiruhusiwi, akasema, na akanionyesha ubao. Sikuhitaji kusoma, ulichorwa mkono unampa tumbili ndizi, na mstari mwekundu umekata katikati. Nikamwambia ni unga wangu wa uji, nina vidonda vya tumbo. Akanihurumia akanipisha.

Tuliunganishwa pamoja, mimi na walimu watatu wa sekondari, watu wa kuja, wamepangiwa kazi Masasi kutoka mikoa ya mbali. Kiongozi wetu alikuwa binti wa hifadhi mwenye sare ya kijani, mzaliwa wa kule Kagera. Aliniamkia vizuri, kwa kupiga goti kidogo. Kisha akauliza babu nimetoka wapi.

"Hapa," nikasema. "Pale mlipojenga choo ndipo lilipokuwa jiko la mama yangu."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Mwalimu mmoja, mwenye simu ndefu ya kupigia picha, akawaambia wenzake kwamba mnyama wa kwanza wameshamwona, tena wa enzi za kale.

"Mpigeni picha," nikamwambia. "Ila msimlishe. Imeandikwa getini."

Wakacheka wote, na baada ya hapo walikuwa wananishika mkono kwenye mawe. Watu wazuri tu.

Njia zilikuwa tatu, zimepakwa rangi kwenye mawe: nyekundu fupi, kijani ya kati, na buluu inayozunguka kilima chote. Nilitaka ya buluu. Binti akanitazama miguu akasema babu ni ndefu. Nikamwambia mimi ningeipita hiyo na mfuko wa saruji kichwani kabla mama yake hajazaliwa. Tukaenda ya buluu.

Sitasema ni pabaya. Nilitaka pawe pabaya nikakosa. Njia imefagiwa, kuna vibao, kuna madaraja ya mbao kwenye makorongo. Tumbili walikaa juu ya mawe wakatutazama kama watu wenye nyumba. Kanga walivuka na watoto wao, mstari mmoja, bila wasiwasi. Enzi zetu kanga aliyeona mtu alikuwa ameshaona sufuria. Juu kabisa mbuzi mawe alisimama kwenye ncha ya kwato zake. Kila mnyama binti alimweleza, na kila mnyama mimi nilikuwa nimemla. Tulipofika kwa pimbi, wanaota jua kwenye jiwe kubwa, akasema huyu mdogo hivi ni ndugu wa tembo. Walimu walishangaa. Nikasema basi sisi tumekula tembo wengi kwa ugali.

Lakini sikuwa nacheka. Lile jiwe la pimbi ndilo lililokuwa jiwe langu.

Nikawaacha watangulie, nikaingiza mkono kwenye ufa mpaka begani. Binti alirudi mbio. "Babu, toa mkono, humo mna nyoka." Sikutoa. Nilipapasa mavi makavu ya pimbi, nikapapasa mwiba wa nungunungu, nikapapasa jiwe. Chungu hakikuwamo. Hata kigae. Nani alikitoa, mvua au nyani au mtu, sijui. Nilitoa mkono umechubuka.

Kisha nikahesabu hatua zangu, jua usoni. Ishirini, thelathini, arobaini. Arobaini ilinifikisha katikati ya njia ya buluu, hapana mti wowote. Nikakumbuka kwamba arobaini yangu ya leo, na nyonga hii, si arobaini ya wakati ule. Nikaongeza kumi. Nikainua macho, nikauona msolo. Nikafurahi sana kwa muda wa pumzi moja. Nyuma yake palikuwa na msolo mwingine. Kushoto miwili. Mbele kwenye mteremko sikumaliza kuhesabu.

Binti aliniona nimesimama, akadhani nataka maelezo. Akanieleza vizuri, kwa sauti ya kazi. Mti huu matunda yake yanapendwa na paa. Wanakula, wanatembea, wanaziacha mbegu kila mahali. Zamani watu walikata kuni na kuchoma moto, miche ikawa inakufa. Tangu eneo lilindwe, miti imerudi. "Umeona, babu, msitu umejiponya wenyewe."

Nimeona. Ningekuta wamemwaga zege juu, ningekuwa na mtu wa kumtukana. Nilichokuta ni paa wanaokula matunda ya mama yangu na kumpandia kivuli kila upande, na mimi niliyeondoa chungu kimoja ambacho kingeniambia ni kivuli kipi.

Nilichagua shina moja, nene, lililoinama kidogo. Nililichagua kama mtu anavyochagua tikiti sokoni, kwa kuligonga. Lilikuwa pembeni tu ya njia. Nikapiga magoti, nikafungua kitambaa, nikaanza kuachia unga. Binti akaja juu yangu.

"Babu, samahani. Kulisha wanyama hairuhusiwi."

"Silishi wanyama," nikasema. "Namlisha mama."

Aliwatazama walimu waliokuwa wanampiga picha ndege, hondohondo, kule mbele. Halafu akavua kofia yake, sijui nani alimfundisha, akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi yake kwao alikuwa anamwaga pombe chini ya mti, naye alikuwa anatumwa kuilinda isinywewe na mbuzi. "Mimi sijaona kitu," akasema. Akanigeuzia mgongo akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Unga ulijijenga vizuri. Mkono wangu bado umenyooka. Niliwataja wazee wote ninaowajua, nikasema, mama, binti yako anauliza, mjibu. Sikuomba chochote kwa ajili yangu. Niliona haya.

Nililala kijiji cha Chiwata kwa binamu. Asubuhi nilikuwa getini kabla halijafunguliwa. Mlinzi akauliza kama tumbo limepoa. Nikamwambia limepoa.

Njia ya buluu ilikuwa imefagiwa. Alama za ufagio zilikuwa mbichi kwenye udongo, mistari mistari kama nywele zilizochanwa, tena si njia peke yake, walikuwa wameingia mpaka kwenye mashina pande zote mbili. Nikauona ule msolo ulioinama. Chini yake palikuwa pasafi kuliko mkeka wa dada yangu.

Mbele kidogo nilimkuta mama mmoja ameinama na ufagio wa chelewa. Mtu wa kwetu, nilimjua kwa usemi. Alisema wageni wakubwa wanakuja siku hiyo, wameambiwa wafagie hatua mbili nje ya njia, na wameanza tangu alfajiri. Nikamuuliza kama chini ya ule mti alikuta kitu cheupe. Alikikuta. Alidhani ni chokaa ya mafundi.

"Kilikuwa kimesimama au kimeanguka?"

"Mzee, mimi nafagia, siangalii."

Halafu aliniangalia mimi. Akaangalia mti, akaangalia ufagio wake, akauweka chini kama umemuunguza. Aliniomba radhi mara nyingi, mikono kifuani. Nikamwambia hana kosa. Akasema, "Lakini baba, mbona hapakuwa na chungu? Kungekuwa na chungu ningejua. Hapo nisingepitisha ufagio hata ningefukuzwa kazi."

Nilirudi Newala na gari la mchana. Njia nzima, gari likipanda mlima kwa gia ya kwanza, nilikuwa napanga maneno. Mimi ni mtu wa kusema kweli usoni. Nimepoteza wateja kwa ajili hiyo. Lakini nilijiambia kwamba kweli hii haina kazi. Dada hataki kweli, anataka usingizi. Nitasema ulisimama. Neno moja tu, tena si uongo kabisa, kwani nilipouacha jana ulikuwa umesimama.

Nilimkuta ameshaoga, amefunga kilemba, kama mtu anayesubiri posa. Binti yake alikuwa amekwenda foleni ya maji. Tulikuwa wawili.

"Kaburi ulilikuta?"

"Nililikuta."

"Na unga?"

"Ulisimama."

Niliona uso wake ukishuka, kama mzigo unavyoshushwa na watu wawili, polepole, mpaka chini. Alifumba macho. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kuinuka, maana magoti yalikuwa yananiuma na nilikuwa na lipu ya watu ya kurudia upya.

"Na chungu changu," akasema, macho bado amefumba, "bado kimeegemea mashariki?"

Lilikuwa neno moja tu la kusema. Ndiyo. Mtoto angeweza kulisema. Nilifungua mdomo, nikayahisi tena yale mavi makavu ya pimbi kwenye vidole, na neno halikutoka. Alifumbua macho. Dada yangu ndiye aliyenibeba mgongoni. Akinitazama usoni anasoma kuliko mwalimu. Nikakaa chini nikamwambia yote, tangu kipaza sauti cha wapimaji mpaka ufagio wa chelewa. Sikuacha hata mluzi niliopiga.

Hakulia. Nimejenga maisha yangu kwa kujua ufa unaanzia wapi, na nauona huu: kama ningeshikilia uongo, angekwenda na furaha yake, kama ningesema kweli tangu mwanzo, wapimaji walipokuwepo, mama angekuwa na kaburi mjini lenye namba, na unga ungemwagwa mahali pa kueleweka. Nilishindwa kote kuwili, kwa kinywa hikihiki.

Dada alisema, taratibu, bila hasira: "Mahali pangu mimi usionyeshe wewe."

Mtu asiye wa kwetu hatajua alichosema. Kaka ndiye anayesimama na jembe na kusema dada yangu achimbiwe hapa. Ndiyo kazi iliyobaki ya kaka dada akifa, nyingine hana. Alimwita mwanawe wa kiume akampa kazi hiyo siku hiyohiyo, binti yake aliporudi na kuweka ndoo chini, mbele yangu, na mimi nikaitikia kama shahidi.

Bado yu hai. Uvimbe wa mguu umepanda mpaka gotini. Hajasema tena kama mama anakuja au amekoma, na mimi siulizi. Nimemjengea tangi nyuma ya nyumba, dogo, kazi yangu bora kuliko zote. Binti yake anasema maji yake ni matamu. Yeye anakunywa ya foleni. Kila Jumapili nikitoka kanisani napita kwake, nasema shikamoo, dada. Anasema marahaba. Nakaa kidogo mkekani, namtazama anavyochekecha unga, halafu naondoka.